Dakika Nane Zilizobaki Tatu

Toleo hili linahusu nyimbo za mapenzi, na tumeamua kulifungua kwa kuingia studio badala ya kuingia moyoni. Imezoeleka kuaminiwa kwamba wimbo wa mapenzi humtoka mtu kama machozi: kapenda au kaachwa, kashika ala, na kilichobaki ni kuwasha mitambo. Imani hiyo inawafaa wauza muziki, na wasanii hawaikanushi sana kwa kuwa inawapa haiba. Hata hivyo haielezi nyimbo zilizo bora. Ukweli tunaousikia katika wimbo wa mapenzi hutengenezwa, tena hutengenezwa zaidi kwa kupunguza kuliko kwa kuongeza, na pengine kwa mikono ya watu wasioelewana. Ushahidi wangu ni wimbo mmoja ambao hatua zake nyingi zimehifadhiwa: “Something” wa George Harrison, uliorekodiwa na The Beatles jijini London mwaka 1969.

Harrison aliuanza mwaka 1968, kundi likirekodi albamu yake ya santuri mbili yenye jalada jeupe. Mwenzake kundini, McCartney, akiwa anashughulikia nyongeza zake za kurekodi, Harrison alikwenda kukaa kwenye piano katika chumba kilichokuwa wazi. Maneno ya mwanzo yalitoka katika jina la wimbo wa James Taylor, kijana wa Kimarekani aliyekuwa chini ya Apple, kampuni ya The Beatles wenyewe. Yaani hata cheche ya kwanza ilikuwa ya kuazima. Kisha akakwama. Katika vikao vya Januari 1969 vilivyopigwa filamu, ambavyo mwongozaji filamu Peter Jackson alivihariri upya mwaka 2021, tunamwona akiwaomba wenzake msaada kwa sababu mstari mmoja unagoma kukamilika. Mwenzake Lennon anamshauri aimbe neno lolote linalomjia, hata koliflawa, mpaka lenyewe lijitokeze. Harrison anajaribu komamanga. Watazamaji hucheka, na kweli inachekesha, lakini ufundi wenyewe ndio huo. Urefu wa mstari na mahali pa mkazo vilitangulia, maana ikafuata baadaye. Mtunzi yeyote wa mashairi ya vina na mizani analijua hilo, ingawa huenda asilikiri hadharani.

Tarehe 25 Februari, siku aliyotimiza miaka 26, Harrison aliingia studio za EMI peke yake akarekodi rasimu ya wimbo huo. Hapa ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote. Anayeisikiliza rasimu hiyo, iliyotolewa mwaka 1996 katika Anthology 3, ana haki ya kuuliza: si wimbo umekwisha? Lahani ipo, sauti inagusa, mtu yuko peke yake na anaaminika. Studio iliongeza nini zaidi ya mavazi? Swali hilo hujibiwa na kitu kilichomo katika rasimu kisichokuwamo katika wimbo uliotoka. Pale ambapo leo gitaa linapiga peke yake, rasimu ina lahani ya pili yenye maneno. Maneno hayo yaliondolewa, na nafasi ikaachiwa ala. Uamuzi huo uliufaa wimbo ambao, ukiutazama vizuri, unakataa kueleza: mwanamke hatajwi jina wala hasifiwi sura, msemaji anavutwa na jambo asiloweza kulitaja, na penzi lake likitiliwa swali kama litakua, anajibu kwamba hajui. Kila ufafanuzi unaoongezwa katika wimbo wa namna hiyo unaudhoofisha. Rasimu inagusa, sawa, lakini bado inasema mno.

Aprili The Beatles walijaribu kuupiga pamoja, wakauacha. Tarehe 2 Mei wakaanza upya na kuurudia mara 36. Siku tatu baadaye, katika studio za Olympic, McCartney alishughulikia besi na Harrison gitaa; Billy Preston, mwanamuziki mwalikwa, naye alichangia kinanda cha Hammond katika wimbo huo. Wakati fulani wimbo ulifika karibu dakika nane, kwa sababu mwishoni ulikuwa na mkia mrefu wa ala ulioongozwa na piano ya Lennon. Mkia huo ulikatwa wote. Sehemu kubwa ya piano hiyo nayo ilifutwa, ikabaki kidogo katika kipande cha kati, pale wimbo unaporuka kutoka ufunguo wa C kwenda wa A na sauti kupanda. Zikabaki dakika tatu. Tarehe 15 Agosti mtayarishaji wao George Martin alileta wapiga vayolini na wenzao wa ala za nyuzi, na siku hiyohiyo Harrison akapiga upya solo yake ya gitaa. Kwa kumbukumbu za fundi mitambo Geoff Emerick, mkanda wa njia nane ulikuwa umejaa, hivyo gitaa lilirekodiwa sambamba na nyuzi, bila nafasi ya kurudi nyuma na kurekebisha kidogokidogo. Ulikuwa mwaka ambao wapiga gitaa wengi wa roki walishindana kwa kasi na urefu. Solo hii inapima kila noti na kunyamaza mapema. Kiasi hicho hakikumfikia McCartney, ambaye besi yake haitulii hata kidogo, na wapo wanaoiona imejaa mno. Sikubaliani nao. Kwa kuwa wengine wamejizuia, kuna nafasi ya mmoja kutembea, na bila besi hiyo ubeti ungelala.

Pingamizi la pili ni la uaminifu: penzi lililorudiwa mara 36 na kukatwakatwa litakuwaje la kweli? Anayeuliza hivyo anadhani hisia ya wimbo lazima iwe hisia ya waliokuwa chumbani. Historia ya kundi hili inamkatalia. Septemba mwaka huohuo Lennon aliwaambia wenzake anaondoka. Filamu fupi iliyotengenezwa kuutangaza wimbo inamwonyesha kila mmoja akitembea na mkewe, wanne hao wakipigwa picha kila mmoja kivyake na kuunganishwa kwenye meza ya uhariri. Wimbo wa utulivu ule ulitoka kwa watu waliokuwa wakiachana. Hata mlengwa hajulikani kwa hakika: wengi walidhani ni Pattie Boyd, mke wa Harrison, ilhali Harrison alikuja kueleza kwamba alipoutunga alimsikia akilini Ray Charles akiuimba. Alikuwa akiwaza koo la mwimbaji, jambo la kifundi kabisa.

Kwamba makundi machache yamewahi kupewa muda na mitambo ya aina ile ni kweli, na sitabishana nalo. Ila fedha za EMI hazikulazimisha yeyote kutupa dakika tano alizokwisha kuzipiga. Huo ulikuwa uamuzi wa sikio.

Abbey Road ilitoka Septemba 26, na mwezi uliofuata “Something” ukawa wimbo wa kwanza wa Harrison kuwekwa upande wa mbele wa santuri ndogo ya The Beatles. Frank Sinatra aliusifu kuwa miongoni mwa nyimbo bora kabisa za mapenzi za nusu karne, huku mara kwa mara akiwataja Lennon na McCartney kuwa ndio watunzi. Pia alichomeka ndani yake neno moja la kwake. Katika maonyesho yake ya baadaye, Harrison alilichukua neno hilo naye akaliimba.