Mbotela naye atunzwe kwao

Mhariri,

Mwanasoka Joe Kadenge alipofariki Julai 2019, wengi waliomlilia huku pwani hawakuwahi kumwona uwanjani. Walimjua kwa masikio. Redio ilitolewa barazani, betri zilizochoka zikaanikwa juani zipate nguvu, kisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akapaza sauti: "Kadenge na mpira!" Baraza zima likasimama.

Mbotela ni wetu. Alizaliwa mwaka 1940 Frere Town, Kisauni, makao yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa watumwa waliokombolewa. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*. Naye mtangazaji wetu akatutoka Februari 2025.

Rambirambi pekee hazitoshi. Naiomba kaunti na timu za mitaa ya Kisauni ziandae kombe la vijana kila Februari kwa jina lake. Kila mechi itangazwe kwa Kiswahili na chipukizi wa hapa hapa, na mtangazaji bora naye apewe zawadi kama mfungaji bora. Vipaji vya kusema tunavyo tele, vinaishia vijiweni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tusingoje wageni watutunzie.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa