Orodha ya Mtoto Ikae kwa Nduguze

Ndugu zangu wa Mpale, mlioko nyumbani na mliotawanyika Korogwe mjini, Handeni, Tanga, Dar es Salaam hadi Muscat, nawaomba tuzungumze kuhusu fomu moja.

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano yakitoka, ukoo mzima hufurahi. Kisha mtoto hupakua maelekezo ya kujiunga, huyachapisha steshenari na kurudi nayo nyumbani. Ada haimo. Serikali iliiondoa kwa kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, kama ilivyokwisha kufanya mwaka 2016 hadi kidato cha nne. Lakini limo godoro, limo tranka na kufuli lake, zimo shuka, ndoo, sare, viatu, madaftari, rimu ya karatasi, fagio, kwanja, sabuni na nguo za ndani. Siku za kuripoti zimebaki chache, na mzazi anaangalia mahindi ambayo bado hajayauza.

Kuomba ndugu wasaidie si aibu hata kidogo. Ndivyo tulivyosomeshwa wengi wetu. Ninachoomba kibadilike ni mahali tunapoombea. Siku hizi fomu hupigwa picha, ikabandikwa kwenye status na kutupwa katika makundi matatu manne ya WhatsApp, yakiwamo ya watu tusiowajua vizuri. Picha hiyo ina jina kamili la mtoto, shule anayokwenda, tahasusi yake na tarehe ya kuripoti, na chini yake mzazi ameongeza namba yake ya simu. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Anaweza kumpigia mama, akamtaja mtoto kwa majina yote matatu, akajiita mwalimu wa malezi, akasema mtoto ameugua na hela inatakiwa sasa hivi. Sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaupuuza kwa sababu aliyeutuma hatujui. Huyu wa fomu atakuwa anatujua. (Ujumbe wa namna hiyo ukiingia, utumeni kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli.)

Tena yupo mtoto mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na saba akijua kwamba wenzake wa darasani wameona mama yake akiomba nguo zake za ndani mbele ya watu mia mbili, ataingia bwenini na fedheha ambayo hakuna tranka litakaloifunika. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na familia yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haitaingia kwenye simu ya mjomba kumzuia asisambaze picha. Hilo tulifanye wenyewe.

Naomba hivi. Fomu yenyewe ibaki kwa mzazi. Fungueni kundi dogo la mtoto huyo, la ndugu na marafiki wanaojulikana kwa majina, na aliyelifungua peke yake ndiye aongeze watu. Kiungo cha kujiunga kisitumwe popote, maana akishakipata mmoja amekipata na jirani yake. Andikeni vitu kwa namba, kila mtu aweke jina lake mbele ya anachobeba. Wanaopenda kutumia faili la Google walifungulie anwani za barua pepe za watu waliowataja, wasichague ile njia inayomruhusu kila mwenye kiungo kuingia. Mtoto akishafika shule, lifuteni kundi.

Na orodha iwe ya vitu, isiwe ya viwango vya fedha. Jambo hili naliona kubwa kuliko yote. Katika michango yetu mingi tunatangaza nani katoa elfu hamsini na nani kaahidi bila kutoa, na shangazi mwenye elfu mbili ananyamaza kwa sababu hataki jina lake lisomwe mwisho. Mkiandika mche wa sabuni, dawa ya meno, kalamu, kufuli, shangazi huyo anapata nafasi yake, naye anaweka jina lake palepale pa mwenye godoro. Mtoto ataoga kwa sabuni ile na atajua imetoka kwa nani. Vitu vikubwa vigawanyeni: godoro libebwe na watu wanne kama ni lazima, ila kiasi cha kila mmoja wakijue wao wanne tu.

Kuandika vitu kunaokoa pia hasara. Bila orodha, ndoo huja tatu na shuka haji nazo mtu. Aliyeko Dar anaweza kununua tranka Kariakoo na kulipakia kwenye basi la Korogwe pale Mbezi, akapiga picha risiti ya mzigo na kuiweka kundini. Godoro lisisafirishwe, linunuliwe karibu na shule, maana nauli yake inaweza kumaliza faida yote. Anayetuma fedha asome kwanza jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na kama si jina analolitarajia, apige simu asikie sauti.

Wapo wasio na simu za intaneti, nao ndio wazee wetu. Msiwaache kwa sababu wana kitochi. Mmoja wenu apewe kazi ya kuwapigia, awasomee kilichobaki polepole na awaandikie majina yao. Babu akisema atatoa debe la maharage, liandikwe debe la maharage, na atafutwe wa kuliuza kwa bei ya haki.

Kama mna mtoto anayekwenda shule msimu huu, mteueni leo wa kulifungua kundi hilo. Na wewe ambaye fomu ya mtoto wa ndugu yako bado iko kwenye status yako, iondoe sasa, kisha mpigie mama yake umuulize ni kipi hakijapata mtu.