"Mfumo umejaa": nani kaujaza?

Wadau, juzi nilimsindikiza shangazi yangu kwenye ofisi moja kuandikisha jina. Kijana wa dirishani akabofya bofya, akainua kichwa: "Mama, mfumo umejaa. Rudi mwakani." Shangazi akashukuru, tukatoka. Mimi hasira ninazo mpaka leo.

Jamani, mfumo unajaaje? Daladala hujaa. Orodha ya kompyuta hujaa pale mtu alipoipangia mwisho.

Rafiki yangu, fundi wa programu, akacheka: "Hizo ndizo lugha za kizee kama COBOL, haziwezi kuongeza nafasi." Hapo ndipo tulipogombana. Msimsingizie mzee wa watu! COBOL ilianza kubuniwa 1959 kwa kazi za serikali na biashara, na jedwali linalobadilika ukubwa inalo:

OCCURS 1 TO 500 TIMES DEPENDING ON IDADI

Yaani, watu ni kuanzia 1 hadi 500, na wangapi wamo sasa, itazame IDADI. Ni kweli 500 ni kikomo, na akija wa 501, programu isiyokagua mipaka inaweza kumwandika juu ya taarifa za mwingine. Lakini 500 ile kaiandika nani? Binadamu. Dawa ni kukagua kabla ya kuongeza, au kupandisha kikomo na kuitafsiri programu upya. Bora zaidi, usibebe orodha nzima kwenye kumbukumbu, soma faili mtu mmoja mmoja. Tena kanuni za COBOL za 2014 ziliruhusu jedwali linalojipanua lenyewe.

Mwaka 2020 gavana wa New Jersey, Marekani, aliomba hadharani wajuzi wa COBOL wakati maombi ya mafao ya wasio na kazi yalipofurika. Dunia nzima ikamcheka mzee. Mwanahistoria Mar Hicks akaja kueleza kuwa kilicholemewa ni tovuti ya mbele, iliyoandikwa kwa Java!

Shukeni dikoni Mkokotoni asubuhi. Hakuna mvuvi anayejua atarudi na samaki wangapi. Lakini hujasikia dalali akisema mnada umejaa, rudisheni samaki baharini. Huletwa pakacha jengine, basi.

Kwa hiyo mnaoandika programu, kabla ya kuandika 500 ulizeni wa 501 atakwenda wapi. Na wakubwa wa maofisini, kama fedha zenu zinatosha watu 500 tu, semeni hivyo, tutawaelewa. Msijifiche nyuma ya mashine. Shangazi yangu ana haki ya kujua kakataliwa na nani.

Nawasilisha.