Pumba na Mtele: Nani Aisafishe Matini ya Kiswahili?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Msomaji akutanapo na tasnifu yenye majedwali ya idadi ya maneno, asilimia za methali na orodha za tamathali, huvutiwa na uzito wa tarakimu hizo. Ni nadra aulize matini yenyewe iliingizwaje katika tarakilishi, ilisafishwa na nani, na kwa kanuni zipi. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo si la mafundi wa mitambo pekee. Ni swali la lugha na fasihi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tusipolijibu, wengine watalijibu kwa niaba yetu, na huenda wakatupa mchele pamoja na pumba.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikitayarisha pendekezo la tasnifu ya uzamili kuhusu suala la ndoa katika riwaya, niliipitisha riwaya moja kwenye skana, nikaitia katika programu ya kutambua maandishi, kisha nikaiamuru programu nyingine iniorodheshee maneno yote na idadi yake. Neno "oa" likajitokeza mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Nilifurahi kupita kiasi, nikaandika aya nzima nikidai kuwa mwandishi hulitaja tendo la kuoa hata pale ambapo hapana dalili ya harusi. Msimamizi wangu aliisoma aya hiyo, akaniuliza swali moja tu: "Je, umeyasoma mahali yalipo?" Sikuwa nimeyasoma. Niliporejea matini nilikuta wakulima waking'oa magugu, mganga aking'oa jino na upepo uking'oa mapaa. Programu ile, iliyoundwa kwa kuzingatia lugha nyingine, iliichukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno, ikalikata "kung'oa" vipande viwili: "kung" na "oa". Aya yangu ikang'oka nayo.

Kosa hilo si la ajabu, wala si langu peke yangu. Matini iliyotoka kwenye skana huja na taka za kila namna. Herufi "m" husomwa kama "rn", hivyo "mtu" akawa "rntu". Herufi "l" hugeuka tarakimu 1, na "kila" likaandikwa "ki1a". Maneno yaliyokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari hubaki nusu nusu. Jina la kitabu lililochapishwa juu ya kila ukurasa huhesabiwa pamoja na maneno ya mwandishi. Ritifaa nayo ina sura kadhaa: ile iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, ile iliyopinda kuelekea upande wa pili, na alama ya mshazari ambayo baadhi ya wapiga chapa huitumia badala yake. Kwa macho yetu ng'ombe ni yule yule. Kwa tarakilishi, hao ni ng'ombe wanne wasiojuana.

Dawa ya maradhi haya ipo, nayo ni ya kale kuliko wengi wetu. Mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, aliweka msingi wake katika makala yaliyochapishwa mwaka 1956. Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuutumia msingi huo kutafuta maandishi katika tarakilishi, na kufikia mwaka 1973 programu ndogo iitwayo grep ilikuwa ikifanya kazi hiyo katika mfumo wa Unix. Wazo lenyewe ni jepesi. Badala ya kuiambia tarakilishi itafute neno fulani, unaiambia itafute umbo la aina fulani, yaani ruwaza. Ukiandika ng[’‘`´], umeiagiza itafute herufi "n" na "g" zinazofuatwa na yoyote kati ya alama zilizomo ndani ya mabano mraba. Kisha unaiamuru iweke ritifaa moja ya aina moja kila mahali. Ng'ombe wanne wakawa mmoja. Kazi hii haihitaji shahada ya uhandisi wala pesa. Programu zisizolipiwa kama vile Notepad++ na LibreOffice zinaiweza.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Ruwaza ni somo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili tayari analifahamu kwa jina jingine. Tumefundishwa tangu shule ya upili kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kutokana na ujuzi huo, tunajua kuwa mfuatano wa "rn" si wa kawaida katika lugha yetu, na kwa hiyo kila unapotokea panastahili kutiliwa shaka. Mhandisi asiyejua Kiswahili hawezi kuibuni kanuni hiyo, ilhali sisi tunayo bila kutoa jasho. Hata hivyo, kanuni hiyo hiyo ikiachwa bila mlinzi, itambadilisha mhusika aitwaye Bernard awe Bemard.

Chukua mfano mwingine. Mtafiti anataka kukusanya vitenzi vya wakati uliopita vyenye kiambishi cha nafsi ya tatu wingi. Anaandika ruwaza ya kutafuta kila neno linaloanza kwa "wali". Atawapata "walisoma" na "walikuja", lakini atawanasa pia walimu. Akitafuta yanayoanza kwa "ali", shamba la alizeti litaingia katika jedwali la vitenzi. Anayeweza kuyachuja haya si mwenye tarakilishi ghali, bali mwenye kujua ngeli, viambishi na mizizi ya maneno. Kwa hivyo, wanaodai kuwa teknolojia itaifanya taaluma yetu isihitajike wamelishika jambo kinyume. Teknolojia hii haifai kitu pasipo taaluma yetu.

Fauka ya hayo, kuna hatari kubwa zaidi ya uchafu, nayo ni usafi uliopita kiasi. Tuseme mtu amekabidhiwa mashairi ya Mombasa ili ayaandae kwa ajili ya kongoo. Anakuta "mtele", "nti", "ndia" na "ndaa". Kihakiki tahajia kinayapigia mstari mwekundu yote. Anaamua "kuyasahihisha": mchele, nchi, njia, njaa. Anaandika kanuni kwamba "nd" iwe "nj", na kwa pigo moja ndege anakuwa njege na ndizi zinakuwa njizi. Makosa hayo ya njege na njizi yataonekana mara moja na kurekebishwa. Yasiyoonekana ndiyo ya kuhofiwa. Katika Kimvita "ndoo" ni wito wa kumwita mtu aje, na katika Kiswahili sanifu ni chombo cha maji. "Kuteka" kwa Mmvita ni kucheka, na kwa msomaji wa sanifu ni kuchota maji au kunyakua kwa nguvu. Tarakilishi haiwezi kujua ni ipi iliyokusudiwa. Anayejua ni msomaji aliyeuona ubeti mzima.

Tena hasara haiishii kwenye maana. Mshairi aliyefunga ubeti wake kwa kina cha "ti", akalinganisha "nti" na "kiti", atakuta arudhi yake imevunjwa na mtu ambaye hakukusudia ubaya wowote. Hata nafasi tupu ina kazi yake. Katika nathari, kanuni ya kupunguza nafasi nyingi ziwe moja ni ya busara. Katika shairi la tarbia lililochapishwa kwa pengo kati ya ukwapi na utao, kanuni hiyo inaufuta mpaka wa vipande. Kanuni ya kuunganisha mistari, ambayo huiponya riwaya, hulimeza shairi zima likawa aya. Vivyo hivyo katika tamthilia, mwandishi anayemfanya mhusika aseme "kura" pale anapokusudia "kula" anatufahamisha asili ya mhusika huyo. Ukimsahihisha, umemnyang'anya utambulisho wake.

Hoja hii ina historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Wasomi wa Kimvita na Kiamu wameulalamikia uamuzi huo kwa miongo mingi, na wakati huo huo washairi wameendelea kutunga kwa lahaja zao. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973, ina mizizi yake katika Kimvita. Lakini kamati ile, pamoja na kasoro zake, ilikuwa na wajumbe, mijadala na kumbukumbu. Leo mtu mmoja mbele ya kioo cha tarakilishi anaweza kusanifisha mashairi ya karne mbili kwa mstari mmoja wa amri, kwa nukta moja ya saa, bila mjadala na bila mtu yeyote kujua. Matini hiyo ikishasambazwa, ikatumiwa kufunzia mitambo ya tafsiri na mitambo inayoandika yenyewe, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa Kimvita hakikuandikwa.

Wapo watakaopinga. Kundi la kwanza litasema kuwa kuhesabu maneno si kuhakiki, na kwamba fasihi husomwa kwa moyo, si kwa mashine. Nakubaliana nao kwamba hesabu haiwezi kuchukua nafasi ya usomaji. Kosa langu la "oa" ni ushahidi tosha. Lakini anayesema kwamba mwandishi fulani "hupenda mno" kutumia methali tayari amehesabu, ila amehesabu kwa kukisia. Heri ahesabu vizuri. Kundi la pili litasema kazi hii tuwaachie wataalamu wa tarakilishi. Hawa nawakumbusha kuwa kongoo zinazotajika za lugha yetu hazikujengwa na wahandisi peke yao. Ile ya Helsinki imetokana na juhudi za Arvi Hurskainen, mtaalamu wa lugha za Kiafrika. Hapa kwetu, mradi wa Kencorpus uliokusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya uliwaleta pamoja watu wa lugha na watu wa tarakilishi. Huo ndio mfano wa kuigwa: ungo ushikwe na mikono miwili.

Basi tufanyeje? Napendekeza mambo manne. Kwanza, matini asilia isiguswe kamwe. Usafishaji wote ufanywe kwenye nakala, na pale penye lahaja, umbo la mtunzi na umbo la sanifu yawekwe sambamba, kila moja katika safu yake, ili mtafutaji wa "mchele" aupate "mtele" bila "mtele" kufutwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, tutafute kabla ya kubadilisha. Kila ruwaza ijaribiwe kwanza kwa kutafuta tu, mifano isomwe katika muktadha wake, ndipo amri ya kubadilisha itolewe. Mtu aliyekwisha kumwona Bernard katika orodha hatamfanya Bemard.

Tatu, kanuni ziandikwe, tena kwa mfuatano wake. Ukiunganisha maneno yaliyokatwa kabla ya kuondoa vichwa vya kurasa, nusu ya neno iliyo chini ya ukurasa mmoja itaungana na jina la kitabu lililo juu ya ukurasa unaofuata. Orodha hiyo ya kanuni iwekwe katika sura ya mbinu za utafiti ya kila tasnifu inayotumia tarakimu, kama vile tunavyotaja sampuli na nadharia. Mtahini asiyeiona na aulize.

Nne, idara zetu za Kiswahili zilifundishe jambo hili. Sidai kozi nzima. Saa chache ndani ya kozi ya mbinu za utafiti zinatosha kumfundisha mwanafunzi nukta, kinyota na mabano mraba. Kisha kila mwaka darasa moja lipewe kitabu kimoja kichakavu cha maktaba ambacho hakifungwi tena na hakimiliki, likisafishe, likiandike kanuni zake, na likikabidhi kwa darasa lijalo. Katika miaka kumi tutakuwa na matini kumi ambazo tunajua kila herufi yake ilitoka wapi.

Mama anayepeta mchele hatazami ungo, hutazama punje. Anajua pumba, anajua chuya, anajua jiwe, na anajua punje iliyovunjika ambayo bado ni chakula. Ungo tumekwisha kupewa, na wala haukutugharimu kitu. Ujuzi wa kupambanua punje ndio uliotuleta katika idara hizi. Tukiukalia ujuzi huo, tusije tukamlaumu mgeni aliyepeta kwa haraka akatubakishia mchele mweupe usio na mtele hata punje moja.