KAZI YA MIKONO: Sanduku za motokari zenye kutoka upesi

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuziba mabati yenyi kuvuja. Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mmoja wa Kamituga, mshofere wa motokari ya kanisa. Anauliza hivi: "Papa Pastere, nyuma ya jipi yetu kila kitu kinaruka-ruka. Vitabu vya nyimbo vinalowa mazutu, sufuria za wamama zinapondeka, na kriki imekwisha kuvunja kioo. Tunaweza kutengeneza sanduku za mbao sisi wenyewe, ao tungojee feza ya kununua za chuma?"

Kijana wetu, msingojee. Mbao iko, fundi wa mbao hakosi hata katika carré ya mbali, na kazi hii ni ya siku mbili kwa vijana wanne wenyi musumeno mzuri. Katika nchi ya Australia, kule watu wanavuka jangwa kwa siku nyingi, kuna wafundi ambao kazi yao ni hiyo tu, kutengeneza sanduku na droo za nyuma ya jipi. Wao wana karakana na vyuma. Lakini tabu yao na yetu ni moja: njia mbaya, vumbi, mizigo ya kila namna ndani ya motokari moja.

Ila kuna jambo moja ambalo sisi tunalo kuliko wao. Motokari ya kanisa huku kwetu si ya kazi moja. Asubuhi inabeba saruji, mangaribi inabeba kwaya, usiku inabeba mgonjwa. Kwa hiyo neno kubwa katika habari hii si "sanduku", ni "kutoka". Sanduku ambalo halitoki upesi ni afadhali lisiingie. Ninasema hivyo kwa sababu.

Katika mwaka 2016, mwezi wa tatu, mvua ikiwa nyingi, tulikuwa na mkutano upande wa Walungu, juu ya ile njia ya Bukavu kwenda Burhale, Mwenga na Kamituga. Nilikuwa nimetengeneza sanduku kubwa moja, nzuri kweli, imejaa nyuma yote ya motokari. Nilijivuna nayo. Niliifunga chini kwa buloni nane, fungulo ya 13, na nikasema sasa hata tukipinduka haitatoka! Saa saba ya usiku wababa wakaja na tipoyi. Mama mwenyi mimba, uchungu wake ulianza jana yake, na damu ilikuwa inatoka. Tulifungua milango ya nyuma: hakuna nafasi ya mtu kulala. Tukatafuta fungulo ya 13. Ilikuwa ndani ya sanduku, chini kabisa, chini ya mifuko ya unga. Tulipoipata, buloni tano zilikubali, tatu zilikuwa na kutu. Mshofere alizivunja na shoka. Kwa saa yangu ilikuwa minuti 40, mama yule akiwa ndani ya mvua chini ya bashi, na mama mkwe wake akiniuliza, "Pastere, bado?"

Mama alipona. Mtoto hakulia. Daktari aliniambia kwamba pengine mtoto alikuwa amekwisha kuchoka hata mbele ya tipoyi kufika. Pengine. Lakini minuti zile 40 ni zangu.

Basi tuingie katika kazi.

Kwanza, kupima. Wengi wanapima ndani ya motokari na kusahau mlango. Pimeni uwazi wa mlango wa nyuma mbele ya yote, juu na chini, kwa sababu mara nyingi mlango ni mwembamba kuliko ndani. (Ninajua mzee mmoja aliyejenga sanduku ndani ya jipi yake, halafu akalazimishwa kuikata ili itoke. Sitamtaja, anasoma gazeti hili.) Kisha pimeni nafasi katikati ya ile migongo miwili inayofunika magurudumu. Kwa Land Cruiser ndefu, ile ya mfululizo wa 70 ambayo Toyota iliianza mwaka 1984 na ambayo misioni na hospitali nyingi zinaitumia, viti vya mbavuni vinakula nafasi: vinyanyueni ao mvitoe mbele ya kupima. Msichukue mapima yangu kama sheria, kila motokari ina mwili wake.

Sisi tuliacha sanduku kubwa moja tukafanya mbili sawasawa na moja ndogo. Zile mbili, kila moja ina urefu wa sentimetre 90, upana 48 na kimo 36. Kwa nini kimo kimoja? Kwa sababu zikipangwa pamoja, juu yake kunakuwa sawa kama kitanda, godoro linalala vizuri. Hilo linafaa kwa mshofere akilala njiani, si kwa mgonjwa. Mgonjwa tunamtolea sanduku, analala chini, karibu na sakafu, na mtu anakaa kando yake.

Juu ya mbao: triplex ya milimetre 12 ni nzuri. Karatasi moja nzima, metre 2,44 kwa 1,22, ina uzito wa kilo 20 hivi. Ile ya milimetre 18 inapita kilo 30. Hapa vijana wanapenda nene, wanasema ni ya nguvu. Lakini kumbukeni kwamba uzito wa mbao unaubeba bure siku zote, na watu wawili wanapaswa kuinua sanduku ikiwa imejaa, usiku, ndani ya matope. Kwa triplex ya 12 sanduku moja tupu inakuwa kilo 16 ao 17 pamoja na mikono yake. Karatasi mbili zinatosha kwa sanduku zote tatu. Ukikosa triplex, chukua mbao kavu ya sipresi. Libuyu ni mbao ya heshima, lakini ni nzito. Uiache kwa meza na kitanda cha arusi. Mbao mbichi ya mkaratusi usiiguse, itapinda nyuma ya wiki mbili na kifuniko hakitafunga tena.

Misumari, hapana. Misumari inashika nyumba kwa sababu nyumba haitembei. Ndani ya motokari, mtikisiko unaivuta kidogo kidogo, na siku moja utaikuta imesimama inje ikingojea suruali yako. Tieni kipande cha mbao cha sentimetre 3 kwa 3 katika kila pembe ya ndani, pakeni kole ya mbao, kisha visi. Toboeni tundu dogo mbele ya kuingiza visi, bila hiyo triplex inapasuka kwa ukingo. Achieni kole ikauke usiku mzima. Ukingo ndio unaokunywa maji, basi rangi iende hapo mara mbili. Kuna wanaopaka mafuta yaliyotoka katika moteri. Ni ya bure, ni kweli, lakini unga utanuka, na watoto watakula unga huo.

Sasa droo. Kijana wetu anataka droo, kwa sababu ameziona katika motokari ya shirika fulani. Ni kitu kizuri: unafungua mlango wa nyuma, unavuta, vyombo viko mbele yako. Lakini zile njia za chuma zenyi vigololi, ambazo droo inatembea juu yake, ni za ofisi. Njia ya Mwenga itazimaliza upesi, kwanza vumbi, kisha mtikisiko. Ukitaka droo, fanya mbao juu ya mbao: vipande viwili vigumu chini, na upake mushumaa ao sabuni kavu. Inaenda laini. Acha nafasi ya milimetre 3 kila upande, kwa sababu katika masika mbao inavimba. Na utie kizuizi, komeo ya kweli, si kamba, maana katika mpando droo inajifungua yenyewe na kupiga mlango.

Sisi tulifanya hivi: sanduku ya upande wa kushoto ina droo inayofungukia mlangoni, ndani yake fungulo, kriki, kamba, taa, dawa za kwanza. Ya kuume inafunguka juu, ni ya vitu ambavyo hatuvitafuti njiani: vitabu, nguo, sufuria. Ile ndogo ni ya chakula. Mazutu na esanse haviingii katika sanduku yoyote, wala ndani ya motokari pamoja na watu. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini, na sanduku iliyofungwa inautunza vizuri sana mpaka mtu awashe kiberiti akitafuta kitu.

Hapa tunafika kwenye kufunga, na ninaomba msome polepole. Motokari ikienda kilometre 40 kwa saa na kugonga mti, sanduku ambayo haikufungwa inaendelea mbele na mbio ile ile. Pigo lake ni sawa na kama sanduku hiyo ingeanguka toka urefu wa metre 6, maana yake toka juu ya nyumba ya etaje. Kwa kilometre 60 ni metre 14. Na mbele yake kuna nani? Shingo za wale wanaokaa kwenye viti.

Kwa hiyo ile mipira tunayokata toka shambreri za zamani, ambayo tunafungia kila kitu duniani, hapa haifai. Inavutika. Ni mizuri kwa mfuko juu ya piki-piki, haisimamishi kilo 50. Tumieni sangili, mshipi ule wa nyuzi wenyi kibano cha chuma, na ushike pete nne zilizofungwa kwa sakafu. Pete ziwe juu ya matundu yaliyoko tayari, yale ya buloni za viti vya mbavuni, kama mmevitoa. Ukilazimishwa kutoboa tundu jipya, lala kwanza chini ya motokari uangalie. Chini ya sakafu kunapita tiyo za freni, na katika Land Cruiser nyingi ndefu tanki ya mazutu iko huko huko nyuma. Chini ya kila pete tia sahani ya chuma yenyi upana wa sentimetre 5 ao zaidi, bila hiyo buloni itapasua bati siku ya ajali.

Sanduku zenyewe tunaziunganisha kwa ekru ya mabawa, ile yenyi umbo la kipepeo, inayofunguka kwa vidole bila fungulo. Zipakeni grisi kila mwezi. Na ile mipira ya shambreri msiitupe: ikateni, muitandike chini ya sanduku. Haitateleza, na kelele itapungua nusu.

Mizigo mizito iwe chini na mbele, karibu na mgongo wa viti, isiwe mlangoni. Uzito ukikaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, pua ya motokari inanyanyuka, na katika mpando usukani unakuwa mwepesi mikononi, hautii. Washofere wa zamani wanajua hali hiyo. Najua pia kwamba mkimaliza kupanga vizuri hivi, watu kumi watapanda juu yake. Nimekwisha kukataa, nimekwisha kukubali. Siwezi kuwaambia uongo. Lakini mtu akikaa juu ya sanduku, asikae akiwa ametanguliza miguu kati ya sanduku na mlango.

Neno moja juu ya barrière. Motokari inayotoka upande wa machimbo na kuwa na sanduku yenyi kufuli inaleta maulizo. Kufuli si vibaya, lakini fungulo iwe kwa mshofere, si kwa pastere aliyebaki nyumbani. Andikeni orodha ya vitu na kuibandika ndani ya kifuniko. Tena, msitengeneze kamwe chini mbili, ile sakafu ya uongo ya kufichia nyaraka ao feza. Ikigunduliwa mara moja, hata Biblia mnayobeba itapekuliwa ukurasa kwa ukurasa, na motokari nyingine za kanisa zitalipa deni lenu.

Mkimaliza, fanyeni jaribio. Sisi tulilifanya siku ya kazi ya vijana: watu wawili, usiku, bila taa, sanduku zimejaa. Mara ya kwanza minuti 14, kwa sababu mmoja alikuwa anavuta sangili upande wa kukaza. Mara ya nne ilikuwa minuti 5. Kila mshofere mpya anafanya jaribio hilo mbele ya kupewa motokari. Na wamama wa kanisa waliomba nao wajaribu, kwa sababu, kama mmoja wao alivyosema, "usiku ule wababa wako kwenye machimbo, ni sisi tuko." Walifanya kwa minuti 6.

Sanduku zikiwa inje ya motokari, zinakuwa viti vya watoto wa Shule ya Jumapili. Usipoweka mtu wa kuzichunga, utazikuta zimejaa mipira na mawe.

Kijana wetu wa Kamituga, anza na ile ndogo, ujifunze mkono kwayo mbele ya kukata karatasi nzima. Mwezi ujao tutasema juu ya bashi ya juu ya motokari na namna ya kuifunga isipige upepo.