Harusi Tunajua Kuipanga, Mtoto Je?



Mabibi harusi mliofungua hapa kutafuta mitindo ya shela, mtusamehe. Mishono itakuja wiki ijayo, InshaAllah. Leo tuna jambo la moyoni, na tumelibeba kutoka Tabora.

Tulikwenda huko kushona nguo za harusi upande wa shangazi yetu. Wazanzibari wengi tuna damu Tabora. Wazee walitoka Bagamoyo na misafara, wakavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, wakafika Unyanyembe. Wengine waliendelea mpaka Ujiji, wengine wakaoa wakabakia. Tusijisifu sana: njia hiyohiyo ilipitisha watu katika minyororo, na watoto walikuwamo.

Katika nyumba ya harusi alikuwepo mtoto wa miaka 11. Baba yake alifariki mwaka jana. Tangu hapo hasemi mpaka aulizwe, usiku huamka akilia, na godoro lake huanikwa kila asubuhi. Mama yake hakukaa kitako. Skuli, mwalimu alisema mtoto ni mvivu, akamchapa. Chuoni, maalim alimsomea. Jirani akawapeleka kwa mganga, mbuzi akaenda. Zahanati wakapima malaria. Hospitali wakaambiwa warudi siku mhusika atakapokuwepo. Walirudi mara mbili, nauli ikaisha.

Watu watano wamemwona mtoto mmoja, na hakuna hata mmoja aliyejua kama mwenziwe kamwona. Hakuna aliyeuliza kuhusu baba.

Kila tukilisema hili, tunajibiwa yaleyale: lijengwe jengo, aletwe daktari, ifanywe semina. Hatukatai, madaktari wa akili za watoto ni wachache mno na wanahitajika. Lakini mtoto huyu hakupotea ndani ya jengo. Alipotea njiani, baina ya mlango mmoja na mwengine. Ukiongeza mlango wa sita bila kuiunganisha ile mitano, umemwongezea mama safari tu. Fundi yeyote anajua: mkono wa gauni ukivuta, usikimbilie kukata mkono mpya. Tazama bega.

Wataalamu wanaita kufikiri kwa mfumo, yaani kutazama jinsi vitu vinavyoshikana na sio kimoja kimoja. Wakilisema semina tunaona ni elimu ya wakubwa. Lakini sisi wanawake tunaifanya kila harusi! Ukumbi ukibadilika, saa hiyohiyo mpishi anajua, mpambaji anajua, mpiga picha anajua, gari la bi harusi linajua. Kuna kikundi cha simu, kuna daftari la michango, na kuna mama mmoja ambaye kila kitu kinarudi kwake. Hatumwambii bi harusi azunguke mwenyewe na shela begani akiuliza nani kapika. Basi kwa nini mama mwenye mtoto mgonjwa tunamwacha azunguke peke yake?

Na kuna mduara ambao sisi wenyewe tunauzungusha. Dodoma, kwenye njia ileile ya wazee, ipo hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927. Hapa kwetu tunayo Kidongo Chekundu. Majina haya tumeyafanya matusi. Mtu akikosea kidogo, "huyo wa Mirembe", tukacheka. Mama anasikia. Mwanawe akianza kubadilika, anaficha. Akificha, mtoto anachelewa. Akichelewa, anafika hali imekuwa mbaya, na kupona kunakuwa kugumu. Jirani anaona hajapona, anasema, si nilikwambieni, hawaponi hao! Aibu inaongezeka, na mama wa pili anaficha zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14. Kwa hiyo kila mwezi wa kuficha ni mwezi wa utoto unaoliwa.

Mduara hukatwa mahali ambapo ni rahisi kukata. Hapa ni ulimini mwetu, na haihitaji bajeti ya Serikali.

Wapo watakaosema haya yote ni jini, dua inatosha. Dada zetu, sisi tunasoma Ruqya na tutaendelea kusoma. Lakini Mtume (S.A.W.) alitufunza kutafuta dawa pia. Mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na nafsi pamoja, kwa kuwa kimoja kikiumwa hukiumiza chengine. Maalim anayesoma dua kisha akasema "mpeleke zahanati, nami nitampigia simu mwalimu wake" hajapunguza imani yake hata chembe.

Na inawezekana. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda na wenzake wamewafunza mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi karibu na zahanati na kusikiliza wenye dhiki. Aliyezidiwa wanampeleka kwa wauguzi. Si madaktari, ni mabibi, lakini wameunganishwa na zahanati. Mabibi Tabora hawapo? Unguja na Pemba hawapo?

Msafara wa zamani ulikuwa na kirangozi, anayetangulia na kujua maji yako wapi na kambi inayofuata ni ipi. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa nguvu, lakini nguvu bila kirangozi ingeishia porini. Tunachotaka ni hicho: kila mtoto apate mtu mmoja wa kumfuatilia toka mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwalimu, maalim na muuguzi wa mtaa mmoja wawe na namba za simu za wenzao. Anayempeleka mtoto mbele apewe majibu. Na wakubwa wakija na ripoti ya semina ngapi zimefanyika, tuwaulize: watoto wangapi wamerudi darasani?

Dukani kwetu kila nguo ina ukurasa wake kwenye daftari: vipimo, tarehe, nani kakata, nani anamalizia. Fundi akiumwa, mwengine anaendelea. Kabla hatujaondoka Tabora tulimnunulia yule mama daftari la namna hiyo. Tuliandika naye usiku mzima: lini kilianza, nani kamwona, kasema nini. Shangazi akakubali kuwa kirangozi. Juzi alipiga simu. Muuguzi wa zahanati alilisoma daftari, akalifunga, akamuuliza mtoto: "Baba alikuwa anapenda kukuita nani?" Mtoto akajibu.

Hajapona. Bado godoro linaanikwa. Lakini sasa wapo watu watatu wanaojuana, na safari ya nne haitaanza upya.

Bi harusi wetu, unapopanga sare na sahani, tenga jioni moja na wifi zako na mkubaliane: katika ukoo huu, mtoto akibadilika, nani anashika daftari? Kupanga tunajua. Tusiseme hatujui.

Allah awaponye watoto wetu na atujaalie tuwe sababu. Amin.