Ukihama jimbo Marekani na mtoto wa mahitaji maalum, foleni unaianza upya

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa kwa WhatsApp. Nilidhani ni mambo ya harusi. Kumbe ni hesabu. Amepata kazi ya uuguzi katika jimbo lingine huko Marekani. Mshahara umepanda, kodi ya nyumba iko chini kuliko anakoishi sasa, na dadake tayari yuko huko. Mtu mwingine angepakia gari Ijumaa na kuondoka. Yeye ana kijana wa miaka tisa mwenye usonji, na jina la huyo kijana liko kwenye orodha ya kusubiri huduma za nyumbani tangu akiwa na miaka mitatu. Akivuka mpaka wa jimbo, hiyo nafasi imeenda. Anakohamia, anasimama nyuma ya wote.

"Miaka sita nimesimama kwa laini," aliniambia, "halafu nitoke tu hivyo?"

Jimbo lake silitaji, ameniomba.

Sisi hapa Nairobi tukiongea kuhusu majuu, tunaongea kana kwamba ni mtaa mmoja. "Huyo ameomoka, ako States." Hakuna anayeuliza ni jimbo gani, labda kama unataka kujua baridi ni kali kiasi gani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo sitajifanya wakili, lakini nimekaa na hii stori siku kumi na nne, nimesoma sheria mpaka macho yakauma, na nimeona kitu kimoja: kwa familia ya aina hii, mpaka kati ya jimbo na jimbo unaweza kuwa mgumu karibu sawa na ule wa uwanja wa ndege.

Tuanze na upande wenye afadhali, ambao ni shule. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyolazimisha shule za umma kuwapokea watoto wenye ulemavu. Kabla ya hapo shule ingeweza kumwambia mzazi arudi na mtoto wake nyumbani, na ikawa imetoka hivyo. Tangu 1990 sheria hiyo inaitwa IDEA. Inasema mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21, ana haki ya elimu ya umma ya bure inayomfaa. Walimu na mzazi wanakaa mezani na kuandika mpango wa mtoto huyo mmoja, unaoitwa IEP: atapata saa ngapi za mtaalamu wa usemi, atakuwa na msaidizi darasani au la, atafikia nini kufikia mwisho wa mwaka.

Sheria hii ni ya nchi nzima, kwa hivyo haki inasafiri na mtoto. Ukihama jimbo katikati ya mwaka wa masomo, shule mpya lazima impe huduma zinazolingana na zile za mwanzo, ikishauriana na mzazi, mpaka imalize tathmini yake (ikiona inahitajika) na kuandika IEP mpya. Ukihama wakati wa likizo ndefu, shule inatakiwa iwe na mpango tayari mwaka ukianza.

Shida iko kwa hilo neno "zinazolingana". Si lazima ziwe zilezile. Saa tano za mtaalamu kwa wiki zinaweza kugeuka tatu, na shule ikashikilia kwamba zinalingana. Halafu kuna majina. Serikali kuu inaruhusu majimbo kutumia kundi linaloitwa kuchelewa kwa makuzi kwa watoto wa miaka 3 hadi 9, lakini kila jimbo linachagua litaishia umri gani. Mtoto wa miaka saba anaweza kuwa na haki ya msaada upande huu wa mpaka kwa jina hilo, na upande ule jina hilo lisimsaidie tena. Inabidi apimwe upya atafutiwe kundi lingine. Mtoto ni yuleyule, shida ni ileile, kilichobadilika ni barabara aliyopita.

Na pesa? Mwaka 1975 Bunge la Marekani liliahidi kwamba serikali kuu itabeba hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada ya kusomesha watoto hawa. Haijawahi kufika hapo. Siku hizi iko chini ya asilimia 15. Kiasi kingine kinatoka kwa jimbo na kwa kodi za wenyeji, ndiyo maana unapohamia panahesabika kuliko barua ya sheria.

Texas ndio mfano ambao Wakenya wanafaa kuujua, maana wamejaa huko, hasa upande wa Dallas. Mwaka 2004 idara ya elimu ya jimbo hilo iliweka kipimo cha asilimia 8.5: wilaya ya shule ikiwa na watoto wengi kuliko hapo katika elimu maalum, inawekewa alama mbaya. Shule zikajifunza haraka. Watoto wakaanza kukataliwa au kucheleweshwa. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua mambo haya 2016, na Januari 2018 serikali kuu ikasema wazi kwamba Texas ilivunja sheria. IDEA ilikuwa inafanya kazi miaka hiyo yote, na bado karibu darasa zima la watoto lilikua likisubiri.

Sasa twende kule binamu yangu anapolia, kwa sababu shule ndiyo nusu rahisi.

Kijana akitoka shule saa tisa, nani anakaa naye? Usiku akiamka saa nane na kutaka kutoka nje, nani anamshika mkono mama akiwa zamu? Mtu wa kuja nyumbani kusaidia, mapumziko ya mlezi, kufuli na vifaa vya usalama: hayo hulipwa na Medicaid, bima ya umma ambayo serikali kuu na jimbo huchangia pamoja. Kwa kawaida Medicaid huangalia mshahara wa wazazi, na muuguzi anapata pesa nyingi mno kuhesabiwa maskini, lakini kidogo mno kumlipa msaidizi kutoka mfukoni. Ila kuna mipango maalum ya huduma za nyumbani ambayo mara nyingi huangalia kipato cha mtoto pekee. Mtoto wa miaka tisa hana kipato. Ndiyo maana hizo foleni ni ndefu, na ndiyo maana nyongeza ya mshahara haimtoi binamu yangu kwenye shida.

Mipango hii ina hadithi yake. Katie Beckett alikuwa msichana mdogo wa Cedar Rapids, Iowa, aliyeugua ubongo akiwa mtoto mchanga na kubaki hospitali. Medicaid ilikuwa tayari kulipa hospitali, lakini akirudi nyumbani, ambako ni nafuu, malipo yanakatika. Mwaka 1981 Rais Reagan alimtaja mbele ya waandishi wa habari kama mfano wa sheria za kijinga, na Katie akaruhusiwa kutunzwa nyumbani. Aliishi hadi 2012, akiwa na miaka 34. Mwaka huohuo wa 1981 majimbo yaliruhusiwa kuanzisha mipango ya huduma za nyumbani, kila moja kwa kanuni zake na kwa idadi ya nafasi linayotaka.

Hilo ndilo fundo. Huduma hizi ni hiari ya jimbo. Kumlipia mtu kitanda cha makao ya wauguzi ni lazima kisheria, kumsaidia akiwa kwake si lazima. Kwa hivyo Minnesota, ambako pia Wakenya ni wengi, ina njia ya kumpa mtoto mwenye ulemavu mkubwa Medicaid bila kujali mshahara wa wazazi. Texas inategemea zaidi orodha, na kwa baadhi ya orodha hizo watu husubiri zaidi ya miaka 10. Nchi nzima, majina kwenye orodha hizi yalizidi 700,000 mwaka 2024. Hiyo namba ishike kwa tahadhari, kwa sababu baadhi ya majimbo huandika kila anayeomba bila kuchunguza kwanza kama anastahili. Lakini hata ukiipunguza, bado ni umati.

Na hakuna jimbo linaloheshimu foleni ya jirani. Miaka yako sita haihamishwi kama pesa za M-Pesa.

Kwa mgeni aliyeingia juzi na grini kadi kuna ukuta mwingine. Sheria ya 1996 inawazuia wahamiaji wengi kupata Medicaid kwa miaka mitano ya kwanza. Tangu 2009 majimbo yanaweza kuwaondolea watoto kikwazo hicho, na mengi yamefanya hivyo, lakini si yote. Shule, kwa upande wake, haiwezi kumfukuza mtoto kwa sababu ya hati zake. Mahakama ya Juu iliamua hivyo 1982, katika kesi iliyotoka Texas hiyohiyo.

Mbona niandike haya sasa? Kwa sababu ardhi inasonga. Machi 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuanza kuivunja wizara ya elimu ya serikali kuu, ile inayosimamia IDEA. Sheria yenyewe haikufutwa na amri hiyo, lakini msimamizi akidhoofika, jimbo linalotaka kukwepa linapata nafasi. Julai 2025 alitia sahihi sheria ya bajeti inayopunguza mamia ya mabilioni ya dola za Medicaid katika miaka 10. Jimbo likibanwa, linakata kwanza lipi, la lazima au la hiari? Mimi naona jibu liko wazi. Hata anayepata huduma leo hana uhakika wa miaka mitano ijayo, na hapo hesabu ya binamu yangu inazidi kuchanganyikiwa: anailinda nafasi kwenye foleni ambayo dirisha lake linaweza kufungwa.

Shangazi, mamake, ana jawabu lake kutoka Nakuru: mlete mtoto nyumbani tumlee. Anasema kwa upendo, na ana miaka 67 na goti bovu. Nilimwambia binamu asikimbilie. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizounganishwa na jamii, na vituo vya tathmini vya EARC vipo tangu 1984. Lakini hakuna anayetumwa na serikali kukaa na kijana wako saa tisa alasiri. Kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hapa huoni foleni ya msaidizi wa nyumbani kwa sababu hakuna dirisha la kupangia.

Jana tumeongea tena. Amemwomba mwajiri mpya ampe hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Amepigia wilaya ya shule ya huko simu tatu, akiuliza saa za mtaalamu wa usemi kabla hata ya kuuliza nyumba. Ametoa nakala za IEP na tathmini zote, kwa karatasi, atazibeba mwenyewe mkononi asingoje ofisi moja itumie nyingine. Dadake ameambiwa atafute kama jimbo hilo lina njia ya aina ya Minnesota.

Foleni ya zamani bado hajaitoka. Kila mwaka huwa wanamtumia barua ya kuthibitisha kama bado anataka nafasi, na ya mwaka huu iko juu ya friji, haijajibiwa.